Dakika ya Dhahabu: Mwongozo Ulivyopunguzwa Ukaokoa Zaidi

Miongozo ya hospitali kubwa ya kumhuisha mtoto mchanga huchukulia kwamba watu wapo: mmoja apumulishe, wa pili akandamize kifua, wa tatu aandae adrenalini. Usiku, katika leba ya hospitali ya wilaya nchini Tanzania, mkunga huwa mmoja, na mama anayevuja damu naye anamngoja.

Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyotolewa mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, yalianzia hapo. Mtoto mchanga moyo wake hufifia kwa kukosa hewa. Mapafu yakifunguka, mapigo hurudi. Kati ya watoto 100, takriban 10 huhitaji msaada waanze kupumua, ila wa kukandamizwa kifua au kupewa dawa hafiki hata mmoja. Basi kukandamiza kifua, dawa na mpira wa kupumulia wa kooni vikaachwa. Oksijeni nayo haikuwa sharti, maana hewa ya kawaida yatosha kuanzia. Vikabaki kumkausha, kumpa joto, kusafisha njia ya hewa ikiziba, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumpulizia hewa kwa ambu kabla dakika moja, ile ya dhahabu, haijaisha. Vifaa vikafuata mkondo huohuo: mwanasesere wa mazoezi hujazwa maji apate uzito wa mtoto, na kipira cha kunyonya ute hufunguliwa, kikaoshwa na kuchemshwa.

Katika hospitali 8 za Tanzania zilizotumia mafunzo hayo, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Hospitali ya Haydom, Manyara, iligundua kasoro. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walimpumulisha mwanasesere vizuri, lakini leba kazi haikubadilika. Dawa ikawa kuhamisha darasa: mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Kumbe kupunguza hatua kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkono kuzizoea. Kwa hiyo anayekwenda kukagua leba asihangaike na vyeti vya ukutani. Aulize mwanasesere yuko wapi. Akiambiwa yumo kabatini na ufunguo ameondoka nao matroni, ameshapata jibu.