Kidukari au Mdudu Mafuta?

Kazi ya istilahi haimaliziki neno linapotiwa katika orodha, hupimwa shambani. Katika maandishi ya ushauri wa kilimo, mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa kabichi na viazi hupewa majina mawili: kidukari, ambalo ni la kamusi, na mdudu mafuta, ambalo limezoeleka vinywani mwa wakulima. Kuyachanganya bila kueleza kwamba mdudu ni yule yule ni kosa ambalo hatuna budi kulikemea.

Tuchukue Njombe, nchi ya baridi yenye bustani za kabichi na viazi mviringo, ambako wengi hulelewa kwa Kibena kabla ya kujifunza Kiswahili. Mkulima aendaye kununua pembejeo Makambako, penye njia panda ya Songea na Mbeya, hana mdudu mkononi. Ana neno tu. Neno likiwa na mashaka, atauziwa kitu cha mashaka.

Mdudu mafuta ni jina lililotazama mng'aro wa majani. Hata hivyo, mng'aro ule si mafuta. Ni maji matamu atoayo mdudu, yanayovuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi. Kidukari, kwa upande wake, halimdokezei mkulima lolote. Kwa hiyo kasoro imo zaidi katika fasili. Tukisema tu "mdudu mdogo akaaye chini ya jani", twaweza kudhaniwa tunasema utitiri. Utitiri una miguu minane, ni wa jamii ya buibui, na viuadudu vingi haviuui. Kidukari ana miguu sita, mwili laini wenye umbo la tone la maji, na vijirija viwili nyuma.

Neno dawa nalo lahitaji uangalifu, kwani humfanya msomaji atarajie uponyaji. Kidukari hueneza virusi vya viazi. Mmea ukishaambukizwa, hakuna kinyunyizo kitakachouponya. Afadhali kusema kiuatilifu, na kukitaja mwishoni: kwanza kukagua chini ya majani na kwenye machipukizi, kisha kuwaponda kwa vidole, kuwaosha kwa maji ya nguvu au ya sabuni hafifu. Kiuatilifu huweza kuua pia mbawakawa wadogo wenye madoa, ambao huwala vidukari. Wala tusichelewe kukagua, maana jike huzaa watoto hai bila kupandwa, na kundi huongezeka upesi.

Twapendekeza, basi, kidukari libaki kuwa istilahi sanifu, na mdudu mafuta litajwe kando yake mara ya kwanza katika kila andiko, likifuatwa na alama za kumtambua. Mfasiri asiyemjua mdudu amwone kwanza kwa macho yake. Jani moja la kabichi litamfunza mengi.