Bodoni: Herufi za Kifua Mbele

Giambattista Bodoni alifika Parma, Italia, mwaka 1768 kusimamia kiwanda cha chapa cha mtawala wa huko, na herufi alizochonga zinatamba hadi leo. Itazame O yake: ubavuni imenenepa kwelikweli, juu na chini imebaki uzi tu. Serifu, vile vijistari vya kwenye ncha za herufi, ni bapa na nyembamba kama wembe. Kwenye maandishi madogo huchosha macho, tusidanganyane. Ikuzwe bangoni ndipo utaipigia saluti. Hongera nyingine ni ya mjane wake, Margherita, maana hasifiwi vya kutosha: Bodoni alifariki mwaka 1813, naye akahakikisha kitabu cha vielelezo vya herufi hizo kinatoka mwaka 1818, juzuu mbili nzima.