Istilahi za Ukurutu katika Vipeperushi vya Wazazi

Mfasiri wa maandishi ya tiba humwandikia msomaji ambaye hana nafasi ya kumwuliza swali. Kwa hiyo vipeperushi vinavyowafundisha wazazi kumtunza mtoto mwenye ukurutu vyastahili kuchunguzwa neno kwa neno.

Tuanze na jina lenyewe. Ukurutu ni neno la siku nyingi, lakini katika mazungumzo ya Tanzania wengi husema pumu ya ngozi. Wapo wanaolipinga jina hili kwa hoja kwamba pumu ni ya mapafu. Hoja hiyo ni dhaifu. Maradhi haya mawili ni ya ukoo mmoja, na si ajabu kumpata mtoto yule yule. Tena jina hilo lamdokezea mzazi kwamba ugonjwa hauambukizi, na kwamba huenda ukarudi. Hatari iko kwenye upele. Upele huambukiza, na mfasiri akiandika hivyo jirani atawakataza watoto wake kucheza na mgonjwa.

Kosa hilo hilo limo katika mlipuko. Neno hili tumelizoea kwa kipindupindu. Kwa nini tusiseme kwamba ukurutu umecharuka?

Lakini neno lenye madhara zaidi ni kidogo. Maagizo ya krimu za steroidi hufasiriwa "paka kidogo sana". Mzazi aliyekwisha kuona nyuso zilizoharibiwa na mkorogo, ambao aghalabu huchanganywa na steroidi kali, hahitaji kuongezewa hofu. Atapaka isiyotosha, ngozi haitatulia, naye ataiacha dawa akiamini kwamba haifai. Mwaka 1991 Long na Finlay wa Uingereza walieleza kipimo chepesi: krimu inayokamuliwa toka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Ni kama gramu 0.5, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kukiita kipimo hiki "kizio cha ncha ya kidole" ni kufasiri maneno na kuiacha maana. Kiswahili kina pingili. Pingili moja, pingili mbili: hata bibi asiyejua kusoma ataelewa akisomewa.

Kuhusu kuoga, mtoto hukaushwa kwa kubonyezwabonyezwa na taulo bila kusuguliwa, kisha hupakwa mafuta ngozi ingali na unyevu. Anayeandika "mpigepige kwa taulo" amwonee huruma mtoto.

Limebaki suala la wekundu, linalotajwa kuwa ndiyo dalili. Katika ngozi nyeusi dalili hiyo huonekana zambarau, kijivu, au weusi uliozidi. Hapo kisawe ni sahihi ila maelezo hayamfai msomaji, na mfasiri ana haki ya kumrudishia daktari matini yake kabla hayajapelekwa kiwandani.