Nyundo Chini ya Chesesi

Anayerithi gari kuukuu huanza na rangi. Hulizunguka, hufuta vumbi kwa kiganja, kisha huuliza kupiga rangi nzima ni shilingi ngapi. Nilimuuliza hivyo hivyo fundi aliyekuja kuitazama pikapu ya marehemu baba hapa Miburani (ya Mafia, si ile ya Temeke). Hakunijibu. Aliomba turubai la kulalia, akachukua tochi na nyundo ndogo, akaingia chini.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya Series III, ile ambayo watu huita kwa namba tu, mia na tisa, yaani inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chesesi yake ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na mchanga huingia humo yasitoke, na kutu huanzia ndani. Kwa nje rangi inaweza kuwa nzima kabisa huku chuma kimebaki ganda. Kwa hiyo fundi hatazami, anasikiliza. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Sehemu mbili karibu na springi za nyuma nyundo ilizama. Nilishtuka, yeye akasema ndiko maji ya barafu ya samaki yalikokuwa yakichuruzika miaka yote. Upana wa kisiwa hiki haufiki kilomita 20, upepo wa chumvi hauna pa kukosa, lakini maji ya samaki yanaushinda upepo huo mara nyingi.

Bodi ndiyo inayowadanganya warithi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza iliyotoka vitani ilikuwa na uhaba wa chuma, na bodi ikatengenezwa kwa alumini. Desturi hiyo ilibaki. Alumini haishiki kutu nyekundu, basi gari husimama limenyooka, zuri, juu ya chesesi iliyokwisha. Lakini alumini inapogusana na boliti ya chuma mahali penye chumvi, huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe. Fundi wetu hakunipa somo la kemia. Alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akaviweka kati ya bati na chuma kila alipofungua boliti.

Nilichokipenda zaidi ni chaki. Baada ya nyundo alipita tena, akiweka msalaba panapokatwa na duara pa kutazamwa mwakani. Kwingine kote hakuandika kitu. Nikataka kujua kwa nini palipobonyea mlango wa kushoto hapana alama. Akasema pale pamebonyea tu, hapaumwi. Ufundi wa wengi ni kuona kasoro. Huyu alikuwa akiamua kasoro ipi ina haki ya kuachwa, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu kila anachokiacha ni fedha asiyoipata.

Kwenye misalaba hakuwa na huruma. Alikata mpaka chuma kinachong'aa, hata pale ambapo nusu ya ukataji huo ingetosha kumridhisha mwenye mali. Kiraka kilikuwa na unene uleule wa chuma cha asili. Alichomelea kidogo upande huu, akahamia upande ule, akangoja, ili joto lisipinde chesesi. Kisha akatoboa matundu madogo chini ya kila kiraka ili maji yapate njia, na mwisho akamwaga oili chafu kwa ndani. Wapo wanaobandika bati juu ya kutu na kufunika kwa puti. Kazi yao hupendeza zaidi siku ya kwanza.

Mafundi wa vyombo wa visiwa jirani vya Jibondo na Chole wangemwelewa haraka. Mashua ikipandishwa pwani, hakuna anayeibomoa yote. Mbao zilizooza hung'olewa na kubadilishwa, taruma hukaguliwa, mkuku ukiwa mzima haubughudhiwi, kisha kalafati na mafuta yake. Huko Uingereza nako, mwaka 2018 kampuni ya Land Rover ilitangaza kwamba italifufua moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam, lililokutwa bustanini maili chache kutoka Solihull, huku ikiacha makovu ya uzee wake yaonekane. Wao wanahifadhi historia. Huku kovu linaachwa kwa sababu bei ya kulifuta inanunua mabomba ya breki.

Na breki hazikuwekewa duara hata moja. Mabomba yote ya chuma, mipira yote ya silinda, vilitoka pamoja, vizuri na vibovu, na vipya vikaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, vikaja na boti ya Nyamisati.

Kabla ya hapo palikuwa na suala la mirathi, maana gari haligawanyiki kama minazi. Mama ana thumuni yake, dada zetu fungu moja moja, sisi wanaume mawili mawili, na kila shilingi ya matengenezo inatoka kwa wote. Fundi alimgeukia mama kwanza. "Shikamoo, mama. Hili gari mnataka lifanye kazi gani?" Mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Libebe nazi. Samaki basi." Kazi ikapungua hapohapo: kaka alikuwa ameshaanza kuzungumzia viti vya ngozi.

Kwenye injini ndipo nilipotofautiana naye. Ile ya petroli ya lita 2.25 inakunywa, na wengi hutia injini ya dizeli ya Kijapani. Yeye anasema giaboksi ilitengenezwa kwa nguvu ya injini ile ya upole, ukiongeza nguvu utaivunja ukiwa na mzigo njia ya mchanga. Ana hoja, ila bei ya petroli kisiwani nayo ni hoja. Tumekubaliana ibaki kwa msimu mmoja wa nazi, dada mdogo akiandika kila lita kwenye daftari. Hesabu ikikataa, itatolewa, na fundi ameshasema bei ya kuitoa anaijua, hataipunguza.