Pongezi kwa Wasomaji wa Vyuma

Huko Batavia, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuna kiwanda kiitwacho Clermont Steel Fabricators. Humo ndimo zinamochomelewa reli nyingi za rolakosta, zile treni za kupanda na kuporomoka, zinazobuniwa na kampuni ya Uswisi ya Bolliger & Mabillard. Vipande vikishapakwa rangi hupangwa uani kusubiri malori. Hapo ndipo mashabiki huanza kazi.

Mpita njia huona vyuma tu. Wao husoma. Mgongo wa reli ukiwa sanduku la pembe nne, wanamtambua mbunifu. Kipande kirefu kilichopinda taratibu huashiria kilima kikubwa. Kilichosokotwa kama kamba huashiria kwamba abiria watageuzwa kichwa chini. Hata rangi huulizwa maswali: hii inakwenda bustani ipi ya burudani? Dalili ya mvua ni mawingu.

Hawalipwi, na hukosea. Walichodhani ni mteremko, kumbe ni kona tu kuelekea kwenye breki! Hucheka, kisha huanza hesabu upya. Lakini njiani wamejifunza jiometria na nguvu za mvutano bila kuwekewa mtihani.

Rolakosta ya Fury 325 ya bustani ya Carowinds, iliyofunguliwa 2015, ina kimo cha mita 99 na hukimbia kilomita 153 kwa saa. Safari yake huisha kwa dakika chache. Mashabiki wa aina hii huanza kupanda miezi kadhaa kabla, wakiwa wamesimama nje ya uzio. Hongera zao.