Windows Imezeeka Wapi Hasa?

Ingia steshenari yoyote ya Masasi mjini, kwenye kompyuta ya Windows ujaribu kutengeneza folda uiite con. Itakataa. Jaribu prn au aux, itakataa tena. Majina hayo DOS, mfumo uliotangulia Windows, iliyatenga mwaka 1981 kwa ajili ya kibodi na skrini, printa na waya za mawasiliano, na Windows 11 bado inayaheshimu. Hata diski kuu kuitwa C ni urithi wa enzi hizo: A na B zilikuwa za flopi, ambazo vijana wengi wanaopiga windo leo hawakuzikuta.

Wanaoidharau Windows hupenda sana mifano hii. Lakini hayo ni mabaki ya juu juu. Kiini chake, NT, kiliandikwa upya na kikosi cha Dave Cutler pale Microsoft kikatoka mwaka 1993, wala hakikujengwa juu ya DOS. Linux inayosifiwa ilianza 1991 kwa kufuata muundo wa Unix, ya mwaka 1969. Kwa umri, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi nailaumu Windows kwa jambo jingine: faili zinazotumika. Linux hutenganisha jina la faili na kilichomo, kwa hiyo toleo jipya huwekwa huku programu ikiendelea kusoma la zamani. Windows kwa kawaida huifunga faili iliyo kazini, na kuibadilisha mara nyingi hulazimu mashine izimwe na kuwashwa upya. Mteja amesimama na flashi mkononi, barua ya maombi ya kazi haijachapwa, skrini inahesabu asilimia.

Kuna na hili la Oktoba 14, 2025: Windows 10 ilifikia mwisho wa usaidizi wa kawaida. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu prosesa zote inazozikubali ni za kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha sita imefungiwa nje, japo inachapa barua vizuri tu. Mafundi huruka ukaguzi wa masharti hayo kwa programu ya Rufus.

Na ule uzito unaolalamikiwa kila siku? Mara nyingi ni diski ya kuzunguka. Weka SSD, Windows ileile itawaka upesi.