Gitaa la Vikanyagio: Kuongeza Si Lazima Kutajirisha

Gitaa la chuma lenye vikanyagio, lipigwalo sana katika muziki wa kantri wa Marekani, halikumbatiwi kifuani. Husimama kwa miguu yake mithili ya meza. Mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na kwa nyayo na magoti huzikaza au kuzilegeza. Bud Isaacs ndiye aliyewashtua wasikilizaji mwaka 1954, katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, kwa kukanyaga nyuzi zingali zikilia. Sauti mbili zilipanda pamoja.

Baadaye Buddy Emmons alikigawa kikanyagio kile kuwa viwili, kila sauti na chake. Hapo twauona ufundi wa kweli. Hakuongeza chuma kwa kupenda chuma. Alipata uhuru wa kupandisha sauti moja, kisha ya pili, au zote kwa pamoja. Sisi tulioizoea lugha inayonyambua piga ikawa pigia na pigana, twalielewa jambo hilo upesi.

Lakini hatuwezi kusifu kila badiliko. Wapo waagizao wenzo mpya wa goti kwa ajili ya sauti moja itokeayo katika wimbo mmoja. Gitaa la namna hiyo huwa lahaja ya mtu mmoja: mwanafunzi aliyejifunzia hapo, akikalia la mwingine, miguu hubabaika. Twamwuliza mwagizaji: je, sauti hiyo haipatikani kwa mkono? Mara nyingi hupatikana, kwa kukilaza mshazari kile kipande cha chuma.